Masinki Sabini na Mawili

Septemba 2, 1991
Daftari hili lilichapishwa kwa ajili ya wajumbe wa mkutano wa Chama cha Kikomunisti. Chama kimefungwa wiki iliyopita, mkutano haupo tena, na kiwandani wameyagawa madaftari kama njugu. Sijawahi kuandika mambo yangu popote, lakini karatasi nzuri namna hii kuiacha tupu ni dhambi.

Basi nijitambulishe, endapo kuna mtu atasoma. Mimi ni Veniamin Gushchin, Venya kwa wanaonifahamu, miaka arobaini na sita, mhandisi wa ugavi katika kiwanda cha pampu, hapa mjini kwetu ukingoni mwa mto Volga. Hicho ndicho cheo cha kwenye karatasi. Watu huniita msukumaji. Mpango wa serikali ukisema tutaletewa chuma mwezi wa tatu, chuma hakiji mpaka nipande treni na soseji mbili na chupa ya brandi, nikakae ofisini kwa watu hadi wachoke kuuona uso wangu. Miaka ishirini nchi kubwa kuliko zote duniani imekuwa ikisukumwa na watu kama mimi, na soseji zetu.

Tunaishi wanne chumba kimoja: mimi, mke wangu Rimma, binti yetu Inga wa miaka kumi na sita, na mama mkwe, Fevronia Yegorovna, anayelala nyuma ya kabati. Nyumba ni ya familia saba, jiko moja, choo kimoja. Tuko kwenye foleni ya kupewa fleti mwaka wa kumi na nne sasa. Na jengo la kiwanda limesimama! Ghorofa tisa, fleti sabini na mbili, na jina letu ni la sitini na moja. Naandika hili nikiwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Septemba 5
Mvua. Nimesubiri choo dakika arobaini. Jirani alikuwa ndani na gazeti.

Septemba 11
Leo nimezunguka jengo letu na msimamizi wa ujenzi. Milango ipo, madirisha yapo, mabomba yapo. Nikaingia bafuni katika fleti tunayoihesabu kuwa yetu, ghorofa ya nane, nikaona shimo sakafuni.

"Sinki la choo liko wapi?" nikauliza.

"Hayajaja. Yote sabini na mawili. Hayo si mambo ya ugavi? Si mambo yako hayo?"

Ni mambo yangu kweli. Nimeandika barua wizarani, Moscow.

Septemba 20
Mvua. Barabara ya kwenda kwenye jengo imekuwa uji. Moscow kimya.

Septemba 27
Jibu limekuja, na ninaandika nusu kwa kicheko nusu kwa aibu. Wizara inasema: "Haiwezekani kuwapa masinki kwa kuwa, kwa mujibu wa taarifa yenu ya Desemba 1990, masinki 72 yamekwisha kufungwa na jengo limekamilika kwa asilimia mia."

Taarifa hiyo niliiandika mimi. Desemba ile mpango wa mwaka ulikuwa unafungwa, jengo lilikuwa na kuta tu, na bila jengo hakuna bonasi ya kiwanda. Nikajaza fomu. Ukuta, ndiyo. Paa, ndiyo. Vyoo, ndiyo, vyote sabini na viwili, vinameremeta. Kila mtu hufanya hivyo Desemba, halafu vitu vyenyewe huja mwezi wa nne au wa tano, na hakuna anayeuliza. Sasa nimejinyang'anya choo mwenyewe, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Oktoba 3
Nimekwenda kwa mkurugenzi wetu, Ledenyov. Alicheka hadi akavua miwani. Alipomaliza kucheka akafunga mlango.

"Venya, sikiliza kwa makini. Wizara yetu inavunjwa mwisho wa mwaka. Kiwanda hakijulikani kitakuwa cha nani. Jengo ambalo halijapokelewa rasmi mpaka Desemba thelathini na moja litachukuliwa na baraza la mji, na baraza litaliuza kwa wenye pesa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na vyoo?"

"Vyoo, vyoo! Tutalipokea kama kawaida. Kamati inasaini, mapungufu yatarekebishwa baada ya mwaka mpya."

"Na nani, kama wizara haitakuwepo?"

"We Venya, unataka fleti au unataka mjadala?"

Kamati ni ya watu watano, na saini zote tano ni lazima. Akanisomea majina. La tano, mwakilishi wa wazee wastaafu wanaokagua kazi za umma kwa kujitolea: Fevronia Yegorovna. Mama mkwe wangu. Ledenyov akanipiga bega kwa furaha. "Mambo yamekwisha! Huyo si mtu wa nyumbani?"

Ledenyov hamjui mtu huyo.

Oktoba 4
Nilingoja amalize supu yake ya kabichi. Mama mkwe ni mdogo wa umbo, miaka sabini na mitano, mgongo umenyooka, na hunitazama tangu siku ya harusi kama mtu anayetazama bidhaa yenye ufa.

"Mama," nikasema, "ile karatasi ya jengo, mwezi wa kumi na mbili…"

"Vyoo vipo?"

"Vitakuja."

"Basi na saini yangu itakuja."

"Mama!" Rimma akaruka. "Miaka kumi na minne! Unalala nyuma ya kabati!"

"Nalala vizuri. Siandiki kuna choo mahali palipo na shimo. Nipe mkate, Inga."

Akamega mkate akaendelea kula. Nilikasirika hadi nikatoka kwenda kusimama ukumbini kati ya baiskeli za majirani.

Oktoba 9
Nimemletea machungwa. Ameyala. Hasaini.

Oktoba 14
Nimemletea chokoleti kutoka kwa mtu wangu wa stesheni. Ameila yote, akasifu. Hasaini.

Oktoba 19
Theluji ya kwanza. Ledenyov ananiuliza kila asubuhi langoni, "Mama mkwe hajambo?" Walinzi wanacheka. Nawaza mengi mabaya juu ya yule bibi, na mengine siwezi kuyaandika hata humu.

Oktoba 26
Leo Rimma amenisimulia jambo ambalo katika miaka kumi na minane ya ndoa hakuwahi kunisimulia. Mama yake alikuwa mkaguzi wa bidhaa katika kiwanda cha makoti ya majira ya baridi. Mwaka 1957, Desemba, wakamletea makoti elfu mbili ambayo ndani hayakuwa na pamba. Vitambaa viwili tu, kimoja juu ya kingine. Pamba ingekuja baadaye, walisema, lakini makoti yahesabiwe leo. Akakataa. Wakamwita msaliti wa mpango, wakampa ufagio. Miaka kumi na mmoja alifagia kiwanda kilekile alichokuwa akikikagua. Fleti aliyokuwa apewe mwaka ule, akapewa mwingine.

"Kwa nini hukuniambia?" nikauliza.

"Alinikataza. Alisema, huyu mume wako kazi yake ni karatasi, ataona ninamsema."

Usingizi haukuja upesi. Namsikia nyuma ya kabati anavyokohoa, na najiona mdogo.

Novemba 7
Sikukuu ya Mapinduzi, kubwa kuliko zote za mwaka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hapa kwetu hakuna gwaride, hakuna bendera, hakuna vipaza sauti. Asubuhi nikamwona mama mkwe amevaa koti lake zuri, medali moja na utepe mwekundu kifuani, anafunga viatu.

"Unakwenda wapi mama? Hakuna kitu leo."

"Najua. Nakwenda kutembea."

Barafu ilikuwa imejaa njiani, nikaenda naye nimshike mkono asianguke. Uwanja ulikuwa mtupu, mbwa wawili tu na mwanamke anayeuza mbegu za alizeti. Tukauzunguka taratibu kama watu wa gwaride. Mwuza mbegu akasimama, akamsalimu, akamjazia mfuko bure. Mama mkwe alitokwa machozi, akasingizia upepo.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ile taarifa ya mwaka jana iliyosema vyoo vimefungwa. Niliandika mimi."

Akatafuna mbegu. "Nilidhani ni Ledenyov."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na bonasi. Tulimnunulia Inga koti."

"Lile la bluu?"

"Lile."

Akatema ganda la mbegu. "Koti zuri," akasema. "Lina joto. Unaona sasa, Venya? Redioni wanasema tumeangushwa na Wamarekani, wengine wanasema ni walevi walioko juu. Hakuna aliyetuangusha. Huyu alitaka koti, yule alitaka bonasi, yule wa Moscow alitaka cheo, na kila mmoja akaandika kwamba kitu kipo. Wa juu akajumlisha, akaona ana nchi tajiri. Akaenda kuishika, akakuta shimo la choo."

Nikacheka. Yeye hakucheka, lakini aliniegemea mkono njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeamua. Masinki yataletwa kweli, na nitayaleta mimi.

Novemba 12
Nimepiga simu siku nzima. Viwanda vya Urusi vyote vinajibu: hakuna hadi mwaka 1993. Jioni nikampata Paraska Hnativna Bilyk, naibu meneja wa kiwanda cha vyoo huko Stara Hlynka, Ukraine. Tunajuana tangu ujana, tulishawahi kusukumiana mizigo mingi.

"Veniamin! Bado uko hai? Bado unaiba?"

"Naomba, Paraska, siibi. Nataka masinki sabini na mawili."

"Ninayo uwanja mzima, sina wa kumpelekea. Moscow ilikuwa inatuambia peleka Tashkent, peleka Riga. Sasa haituambii kitu, na Riga iko nchi ya kigeni. Lakini pampu za maji ya tanuri zimekufa zote. Lete pampu kumi."

Pampu! Nyuma ya karakana yetu zimelala mia tatu chini ya theluji, zinangoja amri ya wizara. Huko tanuri zinazimwa kwa kukosa pampu, hapa tunakosa vyoo, na katikati kuna watu elfu moja wenye mihuri.

Novemba 13
Ledenyov amekataa kutoa pampu bila amri.

Novemba 14
Amekataa.

Novemba 18
Nikamwambia mama mkwe. Akavaa koti, akaenda kwa Ledenyov mwenyewe. Sijui walisema nini huko ndani, mlango ulikuwa mzito. Alipotoka, karatasi ya pampu kumi ilikuwa na saini.

"Umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia nitakuja kila siku."

Nimekuwa msukumaji miaka ishirini na sijawahi kuona kazi safi kama ile.

Novemba 29
Baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Lori la kutupeleka Stara Hlynka limeharibika. Rinat, dereva wetu, Mtatari asiyenuna kwa lolote, analitengeneza huku anaimba.

Desemba 3
Stara Hlynka. Tumefika jana jioni, tukakuta mji mzima unacheza. Juzi walipiga kura ya kujitenga, na karibu kila mtu amesema ndiyo. Kabla ya mji tulikuta mti umelazwa barabarani juu ya mapipa mawili, na kijana mwenye kofia mpya ya sufu.

"Mnatoka nchi gani?" akauliza kwa sauti nzito.

Rinat akanitazama. "Ile ile uliyotoka wewe wiki iliyopita," akamjibu.

Kijana akacheka, akaona haya, akaukunja uso tena. "Piteni. Lakini mkirudi na kitu, kuna ushuru."

Paraska amenenepa, meno ya dhahabu, sauti ya tarumbeta. Akatulaza kwake, akatupa supu ya viazisukari vyekundu, mafuta ya nguruwe yenye chumvi na mikate ya kitunguu saumu. Rinat, kwa kuwa ni Mwislamu na hali nguruwe, alimaliza mikate yote peke yake. Nikamuuliza Paraska kama ana furaha.

"Ninayo. Wewe huna?"

"Mimi ni kama mtu aliyekuja harusini akakuta ni talaka."

"Basi kunywa, talaka nayo ina karamu. Venya, miaka sabini tumeishi chumba kimoja, jamhuri kumi na tano, kila mmoja anamgongea mwenzake mlango. Hatuchukiani. Tunataka tu kila mtu awe na mlango wake."

Nilikumbuka jiko letu lenye masufuria ya familia saba, nikamwelewa kabisa. Hata hivyo nilipomkumbatia asubuhi sikutaka kumwachia. Marehemu mama yangu alizaliwa na kuzikwa mwendo wa siku moja kutoka hapo, na sasa nitahitaji pasipoti ya kwenda kwenye kaburi lake.

Akanipa masinki sabini na mawili, na mawili zaidi endapo yatavunjika njiani.

Desemba 4
Tumefika tena kwa yule kijana wa mti wa barabarani. Ametushusha.

"Mali ya Ukraine haitoki bila kibali cha Kiev."

Mfukoni nilikuwa na fomu tupu tatu zenye mihuri, msukumaji hasafiri bila hizo. Ningeandika kibali dakika mbili, na asingejua tofauti. Kalamu nilikwisha kuitoa. Nikaona akilini lile shimo la ghorofa ya nane, nikairudisha.

"Mdogo wangu," nikasema, "kibali sina. Kisa changu ni hiki." Nikamweleza yote, pale kwenye theluji: taarifa, bonasi, koti la bluu, kabati, mama mkwe, machungwa aliyokula bila kusaini. Kabla sijafika mwisho alikuwa ameinama, ameshika magoti kwa kucheka.

"Hasaini mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Ni kama nyanya yangu." Akafuta macho, akakiangalia kibanda chake cha mbao. "Sisi hapa tunakwenda vichakani. Baridi hii!"

Tukamwachia sinki moja. Nadhani ni ushuru wa kwanza nchi yake ilioupata kwenye barabara ile. Akalibeba mwenyewe, amelikumbatia kifuani, na mti ukainuliwa.

Desemba 9
Tumefika jana, sinki moja tu limepasuka. Yamebaki sabini na mawili kamili. Redio inasema viongozi watatu wamekutana msituni na kusaini kwamba Muungano wa Kisovieti haupo tena. Watu wa foleni ya fleti walikuwa wanashusha masinki, wakasikiliza kidogo, kisha mmoja akasema, "Shika vizuri upande huo," wakaendelea kushusha.

Desemba 16
Mafundi wameacha kazi kwa kuwa hawajui wanamfanyia kazi nani. Tunafunga wenyewe. Mwalimu wa muziki anachanganya saruji, daktari wa meno anakaza bomba, Inga ametia koti la bluu madoa ya chokaa na hajali. Watu niliokaa nao foleni moja miaka kumi na minne nikiwatazama kama maadui, leo nayajua majina ya watoto wao.

Desemba 20
Hamsini na nne.

Desemba 22
Sabini na mawili! Nimelala na viatu.

Desemba 24
Siku ya kamati. Wanne walisaini ghorofa ya chini, wakitaka kuwahi chakula. Mama mkwe akavaa medali yake, akasema, "Mimi naanzia juu." Lifti haijaunganishwa umeme. Akapanda ghorofa tisa kwa miguu, akipumzika kila ngazi, sisi watu mia mbili nyuma yake kama maandamano. Akaingia kila fleti, akavuta maji, akasikiliza hadi tangi lijae, akatikisa sinki kwa mikono miwili. Ghorofa ya tatu moja likatikisika.

"Hili hapana."

Saa ilikuwa tisa na nusu, na mwenye mhuri angeondoka saa kumi. Daktari wa meno akalala chali chini ya sinki, akakaza, jasho likimtoka. Mama mkwe akatikisa tena, likatulia.

Akasaini saa kumi kasoro dakika nne. Juu ya karatasi kuliandikwa jina la nchi isiyokuwepo tena, na Ledenyov akataka kulifuta.

"Acha," akasema mama mkwe. "Angalau karatasi yake moja iwe ya kweli."

Kisha akanigeukia mbele ya wote, akanishika shavu. "Kazi nzuri, mwanangu." Hakuwahi kuniita hivyo. Nililia wazi wazi, na sioni aibu kuandika.

Desemba 25
Tumehamia leo. Tulimwingiza kwanza paka wa jirani tuliyemwazima, kama desturi yetu ya kuhamia, akanusa, akalala. Halafu televisheni, halafu kitanda cha mama. Ana chumba chake, chenye mlango.

Saa moja jioni rais akatokea kwenye televisheni, akaanza kusema anaacha kazi. Inga alikuwa dirishani, Rimma ameshika sahani ya viazi. Mama hayupo. Tukamtafuta chumbani, jikoni, mwisho tukaona mwanga chini ya mlango wa choo. Alikuwa amejifungia kwa ndani, na nahisi alikuwa humo muda mrefu.

Rimma akagonga. "Mama! Toka haraka uone! Rais anajiuzulu! Nchi imekwisha!"

Sauti ikatoka, tulivu, ya mtu aliyekaa vizuri:

"Nimesikia. Mimi bado."

Rimma akacheka hadi akakaa sakafuni na viazi vyake, na katikati ya kicheko akaanza kulia. Miaka arobaini mama yake alikuwa akigongewa mlango wa kile choo cha zamani na familia saba. Nilikwenda nikapunguza sauti ya televisheni, nikawaambia wasigonge tena.